Fomu alitia saini, sasa hataki

SWALI: Shikamoo dada. Nimemaliza dokumentari kuhusu akina mama wa mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja. Mhusika wangu mkuu alitusimulia, kwa kinywa chake, jinsi mumewe alivyochukua fedha zake za mwani za msimu mzima akaolea mke wa pili. Fomu ya ridhaa alitia saini. Wakati ule tulimwambia filamu inakwenda Ulaya, kwa waliotoa fedha. Sasa imekubaliwa kuonyeshwa kwenye tamasha Mjini Unguja mwezi ujao. Juzi binti yake amenipigia simu: mama hataki. Prodyuza wangu anasema karatasi ni karatasi. Nikitoa sehemu ile ya mume, filamu inabaki mifupa. Nifanyeje?
Kijana wa kamera, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jibu umeliandika mwenyewe katikati ya barua ukalipita. Mlimwambia Ulaya. Mama yule aliridhia kutazamwa na Wazungu asiowajua wala hatakutana nao kisimani. Hakuridhia kutazamwa na mawifi zake. Hizo ni ridhaa mbili, na wewe unayo moja. Najua fomu inasema “popote duniani”, zote husema hivyo. Lakini nani alimsomea mstari huo? Fomu hizi huja na fedha za wafadhili, kwa Kiingereza, na mara nyingi hutafsiriwa tukiwa ndani ya gari njiani kwenda kurekodi. Alichotilia saini ni maneno yako ya mdomo.

Sasa nikuulize. Mama hataki nini? Binti amesema “hataki”, nawe ukajaza mwenyewe kwamba ni habari ya mume. Umemuuliza?

Miaka kadhaa nyuma nilihariri filamu fupi ya mjane mmoja wa Tanga, mkaanga samaki. Kabla ya kuitoa, mimi na mwongozaji tulimpelekea aione. Njia nzima tulikuwa na hofu ya sehemu moja, pale anapomlilia marehemu mumewe. Tukakaa jamvini, kompyuta juu ya ndoo iliyofudikizwa. Alipofika hapo alilia kidogo, akacheka, akasema, “Hapo pazuri, mumeniwekea vizuri.” Mbele kidogo ikaja picha ya sekunde nne: beseni chini ya paa linalovuja, to, to, to. Niliiweka mimi kwa ajili ya sauti yake, ilitupeleka usiku bila kusema ni usiku. Mama akaweka kiganja chake juu ya kioo. “Hiyo toa. Wanangu wananiletea.”

Ana watoto wawili wa kiume wanaofanya kazi huko kwako Dar. Mtaa mzima ungesema wamemtupa mama yao. Tulikuwa tumeitazama picha ile wiki sita, watu wanne wenye akili zetu, na hakuna aliyeona kwamba tunawatukana watoto wake. Niliitoa usiku uleule. Sauti kama ile sijaipata tena, na bado inaniuma kidogo.

Basi nenda. Usipige simu, nenda, na kamera iache nyumbani. Tazama mwezi kwanza: siku za bamvua, maji yakikauka, wao wako shambani baharini na hawana muda na wewe. Nenda maji mafu, bahari isipokauka sana. Mwambie achague wa kukaa naye kutazama, awe binti au shoga yake. Muonyeshe filamu yote, si kipande chake tu. Ninyi wa kamera hufikiri mtu anaumizwa na alichosema, sisi wa kuhariri tunajua kilichowekwa baada yake ndicho kinachouma. Kama baada ya maneno yake umemweka mumewe akicheza bao barazani, basi aliyemshitaki mume mbele ya kijiji ni wewe, si yeye.

Na tafadhali usimpelekee wazo la kumtia ukungu usoni kwenye picha. Ukungu humficha mtu kwa wageni. Kijijini kwake watamjua kwa sauti, kwa mwendo, na kwa ile kanga yake kabla hajafungua mdomo.

Prodyuza wako mweleze habari ya Massachusetts, Marekani. Mwaka 1967 mwongozaji Frederick Wiseman alitoa dokumentari yake, Titicut Follies, aliyoirekodi ndani ya gereza la wagonjwa wa akili huko Bridgewater. Ruhusa ya wakubwa alikuwa nayo. Serikali ya jimbo ikaenda mahakamani ikidai kulinda faragha ya wafungwa, na umma haukuruhusiwa kuiona kwa uhuru hadi 1991. (Mimi naamini serikali ilikuwa inaficha aibu yake pia, lakini hilo halimpi Wiseman ridhaa ya watu waliovuliwa nguo mbele ya kamera.)

Fedha hukuniuliza, nitasema hata hivyo. Mlimrekodi siku za bamvua, maana picha nzuri ziko hapo. Kila saa aliyorudia kutembea ili mpate jua la asubuhi, mwani wake ulimngoja. Usimlipe kwa kusema, mlipe siku zake. Na filamu ikiingiza kitu, kumbuka waliotengeneza filamu ya Hoop Dreams ya 1994 kule Chicago waligawana mapato na familia za vijana waliowarekodi.

Kuhusu mifupa, usiogope. Akikataa habari ya mume, acha mikono yake ikifunga mwani kwenye kamba, acha aseme bei ya kilo, kisha kata uende baharini bila muziki. Mtazamaji wa Unguja atajua fedha ya mwanamke huenda wapi. Hilo nalo muonyeshe kwanza. Akikataa yote, waandikie watu wa tamasha uiondoe. Utaumwa, na prodyuza atakununia.

Bamvua hili likipita, panda boti. Beba chaja. Kisha niandikie alichokataa, maana naweka dau: si sehemu ya mume.