Mashine ya kuoshea vyombo inanuka na glasi zina ukungu

SWALI: Mashine yangu ya kuoshea vyombo ina umri wa miaka mitatu. Kwa miezi kadhaa sasa kila nikiifungua hutoa uvundo, na glasi hutoka na ukungu mweupe. Nimeiendesha tupu mara kadhaa kwa dawa yenye harufu ya ndimu, lakini baada ya siku mbili uvundo hurudi. Je, imeharibika?

JIBU: Ndugu msomaji, dalili ulizoeleza si za mashine iliyoharibika. Ni za mashine ambayo haijasafishwa, kwa kuwa wengi wetu huamini kwamba chombo kinachopitiwa na maji moto na sabuni kila siku hujisafisha chenyewe. Dawa ya kunukia hufunika uvundo bila kuondoa kinachooza.

Anza na chujio. Chomoa umeme, toa kapu la chini, kisha zungusha chujio lililo sakafuni mwa mashine hadi litoke. Huenda ukakuta makombo yaliyoshikana na mafuta yaliyoganda, hasa ikiwa umezoea programu za maji ya uvuguvugu, ambayo hayayeyushi mafuta ipasavyo. Lisugue kwa brashi laini, maji moto na sabuni, kwani brashi ya waya huchana wavu. Rudia kila wiki mbili, au kila wiki ikiwa mashine hufanya kazi kila siku, na lirudishe hadi likaze, kwa sababu chujio lililolegea hupitisha makombo hadi kwenye pampu.

Futa pia mpira wa mlango na ukingo wa chini wa mlango, mahali ambapo maji ya kuoshea hayafiki na ambapo, kwa uzoefu wangu, uvundo mwingi hujificha. Matundu ya mikono inayorusha maji yazibue kwa kijiti cha meno.

Ukungu wa glasi una asili nyingine. Tumbukiza glasi moja katika siki kwa dakika chache: ukitoka, hiyo ni chokaa ya maji magumu, yaani maji yenye madini mengi, ukibaki, uso wa glasi umelika na hautarudi ulivyokuwa. Kwa chokaa, weka bakuli la siki katika kapu la juu na uendeshe mashine tupu kwa programu yenye joto kubwa zaidi. Usifanye hivyo mara kwa mara, maana asidi hudhoofisha mipira, na ninakusihi usichanganye kamwe siki na dawa yenye klorini, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Ikiwa mashine yako ina tangi la chumvi ya kulainisha maji magumu, lijaze chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hizi. Ya mezani mara nyingi huwa na viambato vya kuzuia isigandamane, navyo huweza kuziba mfumo wa kulainisha maji.

Maji kidogo yanayobaki chini ya chujio ni ya kawaida. Uvundo ukiendelea baada ya hayo yote, kagua mpira wa kutolea maji machafu nyuma ya mashine: unapaswa kupanda juu kabla ya kushuka kwenye bomba la sinki, la sivyo maji ya sinki hurudi ndani ya mashine.