Maswali na majibu: Kuogelea ziwani vijijini Ufaransa

Tumekodi nyumba karibu na ziwa Vassivière, Limousin. Tunaruhusiwa kuogelea popote?

Hapana. Ziwa lile ni la bwawa la umeme, hekta 1,000 hivi. Soma kibao cha ufukweni kabla ya kuvua viatu. Baignade interdite ni marufuku. Baignade non surveillée maana yake hakuna mwokoaji, shauri yako. Fukwe nyingi zina waokoaji Julai na Agosti tu, na kwa saa maalumu. Ukiona mtu anazama, piga 112.

Jua lilikuwa kali, nyuzi 33, lakini nilipojitosa pumzi ilikatika. Je, nina pumu?

Pumu akupime daktari. Lakini swali hili huja kila kiangazi, na jibu ni lile lile: jua hupasha maji ya juu tu. Kifuani vuguvugu, miguuni baridi ya kuuma. Mwili uliooka juani ukikutana nayo ghafla, kifua huvuta pumzi bila kukuuliza. Kichwa kikiwa chini, unavuta maji. Kaa kwanza kivulini. Ingia kwa miguu, lowesha shingo, mikono na uso, simama maji ya kiunoni mpaka pumzi itulie. Ikikukuta kwenye kina, lala chali, acha kupapatika, subiri dakika moja au moja na nusu, ndipo uogelee. Waogeleaji hodari nao huzama hivi, na hao ndio wasiosikia.

Vijana wanaruka kutoka darajani. Nami niruke?

Usiruke. Maji ya bwawa hupanda na kushuka. Kisiki kilichokuwa mbali chini Juni, Agosti kinakungoja karibu.

Maji yamekuwa ya kijani. Ni mwani tu?

Chovya kijiti. Kikitoka na nyuzinyuzi, ni mwani wa kawaida. Kikitoka kama kimechovywa kwenye rangi, shuku sianobakteria, yaani bakteria wa majini wanaoweza kutoa sumu: usiingie, na mbwa asinywe hata tone, maana sumu yake huua mbwa upesi.

Nataka kuvuka ziwa, mita 700 tu.

Hiyo "tu" ndiyo inayonitia wasiwasi. Na kurudi je? Ogelea sambamba na ufuko, boya la rangi ya machungwa limefungwa kiunoni ili wenye mashua wakuone, na mtu nchi kavu akuangalie wewe, siyo simu. Ukianza kutetemeka, toka. Mwili huendelea kupoa hata ukishatoka: vua nguo mbichi, jikaushe, vaa, kunywa chai tamu. Divai ingoje jioni.

Mwanangu wa miaka 5 ana maboya ya mikononi. Yanatosha?

Hayatoshi. Asipite urefu wa mkono wako. Na lile bata la kupuliza libaki nyumbani. Upepo hulisukuma katikati ya ziwa na mtoto juu yake.

Tumetoka na vipele vinavyowasha. Ni kichocho?

Yaelekea ni puces de canard, vimelea vya bata vinavyotoka kwenye konokono. Ni ndugu wa kichocho, ila hivi hufa kwenye ngozi ya mtu. Epuka maji mafupi yenye majani, na jifute kwa taulo kwa nguvu mara utokapo. Kichocho chenyewe kiligunduliwa 2014 kwa watu waliooga mto Cavu, kisiwani Corsica. Kama mlipita huko, mwambieni daktari.