Barua kwa Salma: aliyejitakia naye aokolewe?

Mwanangu Salma,

Marahaba. Huku Tanga hatujambo, ila mama yako na magoti yake kama kawaida. Kusi limeshaingia, samaki bei juu.

Umeniuliza jambo mlilobishana ofisini: mtu anaacha nyumba yake nzuri Ulaya, anapanda mashua peke yake kuzunguka dunia kwa raha zake, akipinduka huko mwisho wa bahari, kwa nini manowari na ndege za nchi nyingine zihangaike naye kwa kodi za watu? Si alipe mwenyewe? Ukanimalizia na methali, msiba wa kujitakia hauna kilio. Waliosema hivyo walimnyima machozi tu, mwanangu. Mkono hawakumnyima.

Enzi zangu za ubaharia kwenye meli za mizigo, jambo hili halikuwa na mjadala. Mkataba wa Hamburg wa 1979, ule wa utafutaji na uokoaji baharini, unataka aliye taabani asaidiwe bila kujali uraia wake, hadhi yake, wala mazingira aliyokutwa nayo. Ujinga wake nao umo humo. Na kuna mkataba mwingine wa 1989 ambao wewe mtu wa bima utaupenda: ukiokoa chombo cha mtu au shehena yake unastahili ujira, lakini ukiokoa roho yake, yeye hadaiwi hata senti.

Unamkumbuka Mwingereza Tony Bullimore? Ulikuwa mdogo. Januari 1997, katika Vendée Globe, yale mashindano ya kuzunguka dunia kwa tanga mtu peke yake, mkuku wa chombo chake, ule uti wa chini, ulikatika kwenye bahari ya kusini, kama kilomita 2,500 kutoka Australia. Chombo kikageuka chini juu, naye akabaki ndani gizani siku kadhaa, maji ya baridi kali yakiingia na kutoka. Manowari ya Australia, Adelaide, ilipofika, mabaharia wake walisogea na boti ndogo wakagonga ubavu wa chombo. Akasikia, akapiga mbizi, akaibukia nje. Siku hiyohiyo manowari hiyo ilikuwa imemchukua Mfaransa Thierry Dubois kutoka mashindano hayohayo. Australia kulikuwa na manung'uniko kama yako. Bili haikutumwa.

Wiki mbili kabla, mshindani mwenzao Pete Goss aligeuza chombo siku ya Krismasi, akarudi kuukabili upepo wa tufani kumtafuta Raphaël Dinelli ambaye chombo chake kilikuwa kinazama. Akampata. Wale wanaoyajua maji hawakuanza kwa kuuliza nani kakosa.

Sasa piga hesabu zako. Mwambie mvuvi au tajiri, yeyote yule, kwamba akiita msaada atatozwa. Atafanya nini? Atangoja. Mashine imezima saa sita mchana, bahari shwari, yeye anahangaika nayo na bisibisi kwa sababu anaiogopa bili. Anaita saa moja usiku, upepo umechafuka, chombo kimejaa maji. Wanaotoka kumfuata sasa wanatoka gizani. Utakuwa umeokoa kodi na kuhatarisha waokoaji. Marekani wameweka mstari pazuri, naona: anayelipishwa gharama kwa sheria ni yule anayeita msaada kwa makusudi hali anajua hana shida yoyote.

Usidhani basi kwamba nawatetea wote. Mwaka 2010 kulikuwa na binti wa Kimarekani, Abby Sunderland, miaka 16, akizunguka dunia peke yake. Mlingoti ulivunjika katikati ya Bahari ya Hindi. Ndege ya abiria ilikodiwa kutoka Perth kwenda kumtafuta, na meli ya wavuvi wa Kifaransa ikaacha shughuli zake ikamfuata. Nahodha wa meli hiyo alitumbukia majini wakati wa kumtoa, ikabidi naye avuliwe. Watu walibishana kuhusu umri wa binti na malezi ya wazazi wake. Mimi nilimfikiria huyo nahodha, na watoto wake. Binti aliondoka Cape Town mwezi wa Mei, majira ya baridi yakiingia kusini, wakati ambao hata wale wa Vendée Globe hawapiti huko. Hapo ndipo ninapomlaumu mtu: kwa msimu aliouchagua, kabla hajang'oa nanga. Beacon ya setilaiti, kile chombo cha kutuma ishara ya hatari na mahali ulipo, alikuwa nayo, na hilo nampa haki yake, maana bila hiyo wangetafuta maji matupu.

Lawama ya namna hii huzaa kitu. Baada ya yale ya Bullimore ya 1997, vyombo vya Vendée Globe vilitakiwa kuthibitisha kwamba vikipinduka vinaweza kujiinua vyenyewe.

Na tafadhali msiwachanganye hao na abiria. Waliozama na meli ya abiria Spice Islander 2011 wakienda Pemba walikata tiketi tu. Huko uliza aliyejaza watu, usimuulize aliyezama.

Hapa Sahare mambo unayajua. Boti ikichelewa, watu wanachangishana petroli, vijana wanatoka. Aliyerudishwa anasemwa pwani mbele za watu mpaka anatamani angebaki majini, na petroli anairudisha polepole, bila kuandikiwa. Mpango huo naukubali kuliko bili yenu.

Halafu kuna mdogo wako Bakari. Amenunua mashine mpya, na juzi alitoka na wenzake wakati Mamlaka ya Hali ya Hewa imeshatangaza upepo mkali. Nikisema mimi ananiona mzee mwoga. Mpigie wewe. Muulize chomboni mna jaketi okozi ngapi na wanapanda watu wangapi, na usikubali akuambie "zipo za kutosha".

Baba yako