Albamu za Kilatini za kuanzia kwa mpenzi wa rumba

Ndugu yangu, umesema unapenda rumba ya Kongo, hujui Kihispania, na unataka albamu za Kilatini, yaani za muziki wa Amerika ya Kilatini, za kuanzia. Basi huendi ugenini, maana rumba hiyo ilichota sana kutoka kwenye santuri za Kuba.

Anza na Buena Vista Social Club, albamu ya wanamuziki wa Kuba iliyorekodiwa Havana mwaka 1996 na kutoka 1997. Wimbo wa kwanza, Chan Chan, ni wa Compay Segundo. Sikiliza gitaa linavyorudia mzunguko uleule bila kuchosha. Halafu msikilize Rubén González kwenye piano. Alikuwa na miaka 76, na vidole bado vyepesi ajabu!

Ukishazoea, hamia New York: Siembra ya Willie Colón na Rubén Blades, 1978. Plástico inaanza kama disko, kisha ghafla inageuka salsa, muziki wa dansi wenye mizizi ya Kuba. Hapo ongeza sauti. Pedro Navaja ni kisa kizima cha mtaani, kwa hiyo tafuta tafsiri ya maneno kabla hujausikiliza. Utaufaidi mara mbili.

Ukitaka nyimbo za mapenzi, chukua Bachata Rosa ya Juan Luis Guerra wa Jamhuri ya Dominika. Ila tafadhali, usirukeruke nyimbo.