Siku Mbili Nilizokaa Kimya

Binti yangu alipougua surua, nilimsihi muuguzi asiandike jina lake popote. Naandika haya kwa ajili ya mzazi atakayejikuta kesho kwenye kiti kile kile, akiwa na moyo ule ule wa kutaka jambo liishie ndani ya chumba kile.

Ilianza Ijumaa: homa, kikohozi, pua kutiririka, macho mekundu. Nikaona ni mafua tu. Jumamosi alasiri tulikwenda kumtembelea rafiki yangu mwenye mtoto wa miezi 7, na binti yangu akampakata kwa muda mrefu. Jumanne asubuhi vipele vikatokeza nyuma ya masikio, vikashuka usoni na shingoni. Nikakimbilia kliniki bila kupiga simu, tukaketi kwenye benchi tukisubiri zamu yetu na wengine.

Hapo nilishakosea. Virusi vya surua hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, na kati ya watu 10 wasio na kinga walio karibu naye, 9 hivi huambukizwa. Wote waliokuwa kwenye benchi lile, na walioingia baada yetu, ilibidi watafutwe mmoja mmoja. Mtoto akiwa na homa yenye vipele, piga simu kabla hujatoka nyumbani na ueleze dalili. Watakuonyesha mlango mwingine au watakupangia saa ambayo hakuna watu.

Muuguzi alipomwona tu, alisema lazima atoe taarifa siku hiyo hiyo. Nikamwomba angoje majibu ya damu. "Mama," akaniambia, "sheria hainipi nafasi ya kungoja, na surua nayo haingoji." Baadaye ndipo nilipoelewa. Kila nchi ina orodha yake ya magonjwa ambayo mhudumu wa afya analazimika kuyatolea taarifa, na kwa surua mara nyingi kushuku kunatosha. Muda uliowekwa nao hutofautiana, kwa hiyo uliza mahali ulipo. Lakini usimsihi muuguzi kama nilivyomsihi mimi. Unamwomba avunje sheria, na pia unamwomba awanyime watu wengine saa ambazo hazirudi.

Saa hizo ndizo zinazonikera mpaka leo. Nilipewa karatasi niorodheshe kila aliyekutana na mtoto kuanzia siku 4 kabla ya vipele, kwa sababu ndipo anapoanza kuambukiza. Nikaandika walimu wake, ndugu, majirani. Rafiki yangu nikamruka. Niliona aibu kwamba nilimpelekea maradhi nyumbani, nikajiambia nitamweleza mwenyewe, taratibu, mtoto wangu akishapata nafuu.

Sikujua kwamba chanjo ya surua, ikitolewa ndani ya saa 72 baada ya mtu kukutana na mgonjwa, inaweza kuuzuia ugonjwa au kuupunguza makali. Mtoto wa miezi 7 bado hajafikia dozi ya kwanza ya kawaida, ambayo hutolewa akiwa na miezi 9 au 12 kutegemea nchi, lakini kuanzia miezi 6 anaweza kupewa dozi ya mapema kwa dharura kama hiyo, kisha zile za kawaida zikafuata kwa umri wake. Asubuhi ile ya Jumanne, kalamu ikiwa mkononi mwangu, zilikuwa zimebaki saa chache. Nikaziacha zipite.

Alhamisi afisa afya alinipigia simu, akaniuliza upya, kwa upole, siku kwa siku. Jumamosi mlikuwa wapi? Nikasema. Muda wa chanjo ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni sindano ya kingamwili (kinga iliyo tayari, si chanjo), ambayo hutolewa ndani ya siku 6, na mtoto akaipata siku hiyo hiyo. Afisa alimweleza rafiki yangu kwamba mtoto wake amekutana na mgonjwa wa surua, bila kumtaja mgonjwa. Jina nililitaja mwenyewe jioni ile, na ilikuwa simu nzito kuliko ambayo ningepiga Jumanne.

Sasa karantini, ambayo watu wengi huichanganya na kutengwa. Mgonjwa hutengwa kwa sababu anaambukiza: binti yangu alikaa ndani mpaka siku 4 baada ya vipele kutokea, akapewa na vitamini A siku mbili mfululizo. Karantini ni ya mtu asiyeumwa ambaye huenda amebeba ugonjwa bila dalili. Kwa surua ni siku 21 kwa asiye na kinga, na aliyepewa kingamwili huongezewa hadi 28 kwa sababu sindano ile inaweza kuchelewesha dalili. Uliza siku zinahesabiwa kuanzia lini (mara nyingi ni tangu mara ya mwisho kukutana na mgonjwa), nani atakuja kuwaangalia, na nani ataandika barua ya kazini na ya shuleni. Barua iombe siku ya kwanza.

Kaka yake alikuwa amekamilisha dozi zote mbili. Kadi yake ilipotea tulipohama, na kuhama huko huko ndiko kulikomkosesha binti yangu dozi ya pili. Dozi moja hukinga watu 93 hivi katika 100, mbili hufikisha 97; yeye akaangukia kwa wachache. Kaka, kwa kukosa ushahidi, alihesabiwa kama asiyechanjwa. Alikaa nyumbani siku 6, haumwi popote, mpaka kliniki ya zamani ilipolipata jina lake kwenye rejesta. Piga picha kadi za chanjo leo, kila ukurasa, uziweke mahali pawili.

Najua neno "taarifa" huwatia watu hofu, kana kwamba unamchongea mtu. Lakini hata ndui, iliyotangazwa kutokomezwa mwaka 1980, haikumalizwa kwa chanjo peke yake. Watu walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta kila mgonjwa, wakawachanja waliomzunguka. Mtu wa mwisho kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida, mwaka 1977, alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia. Mwanzoni walidhani ana malaria, kisha tetekuwanga. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa anawashawishi wazazi wawapeleke watoto wao kwenye chanjo ya polio. Huwa namkumbuka sana.

Mtoto wa rafiki yangu alimaliza siku 28 bila homa. Ila ile sindano ya kingamwili huidhoofisha chanjo ikifuata mapema, kwa hiyo dozi yake ya kwanza ilibidi isubiri miezi 6. Tarehe niliiandika kwenye kalenda yangu, na alipotimiza miezi 13 tulikwenda kliniki pamoja, nikamshika mtoto wakati anachomwa.