Mizani na Mgonjwa wa Sirosisi: Kwa Wanaoanza Wodini

Wadogo zangu mliopangiwa wodi yetu hapa Malindi, juma hili nimesoma tena kwenye faili kwamba mgonjwa wa sirosisi, yaani mwenye ini lililojaa makovu, "ameongeza kilo, anaendelea vizuri", ilhali kilo zenyewe ni maji ya tumboni.

1. Kabla ya mizani, tazameni panja, mabega na mapaja kama misuli imekwisha. Kisha toeni kwenye uzito uliopimwa makadirio ya maji: asilimia 5 ya uzito yakiwa machache, 10 yakiwa ya wastani, 15 yakiwa mengi, na 5 nyingine miguu ikivimba.

2. Alama za MELD, zinazopanda kadiri ugonjwa wa ini unavyozidi, zisiwapumbaze. Hesabu yake ya asili ni bilirubini (rangi ya nyongo katika damu), INR (kipimo cha damu kuganda) na kreatinini (taka inayochujwa na figo), misuli haimo. Tena kreatinini hutokana na misuli, kwa hiyo aliyekwisha misuli huonekana ana figo nzuri kuliko alizo nazo, na alama zake hushuka bila yeye kupata nafuu. Child na Turcotte, katika alama zao za ugonjwa wa ini za mwaka 1964, waliihesabu lishe. Mwaka 1973 Pugh na wenzake wakaiondoa, wakaweka muda wa damu kuganda. Walikuwa na haki, maana lishe ilikisiwa kwa macho tu, lakini wagonjwa wawili wenye alama sawa hawana hatari sawa: aliyepungukiwa na misuli huelekea kupata maambukizi zaidi na kufa mapema.

3. Msimnyime protini. Hili linaniuma, kwa sababu kizazi chetu kilifundishwa kwamba anayechanganyikiwa kwa ugonjwa wa ini akatazwe samaki, mayai na maharagwe, nasi tukatii kwa bidii, tukiwarudisha langoni jamaa waliobeba mchuzi wa samaki na kumwachia mgonjwa uji mtupu na chai ya rangi. Misuli ndiyo inayolisaidia ini bovu kuiondoa amonia, sumu inayovuruga akili, kwa kuigeuza glutamini. Tulipoikausha, mgonjwa alirudi akiwa amechanganyikiwa zaidi, nasi, kwa ujuzi wetu, tukampunguzia tena. Mwongozo wa leo ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Ninyi mliosoma haya darasani, hiyo "protini kidogo" mnayoiandika mmerithi kwa nani? Mimi sijafa.

4. Ale kitu kabla ya kulala, kwa kuwa usiku mmoja wa njaa kwake ni kama siku mbili tatu kwa mwenye afya. Ramadhani ikikaribia, mwenye maji tumboni aelezwe mapema kwamba kufunga kunamdhuru, na aelezwe mbele ya mzee wa nyumbani kwake, maana kwa neno la daktari kijana peke yake hatafungua.