Jibu: Obama alivyokosa mpinzani kwenye mchujo wa 1996

Salaam ndugu. Umekwama kwenye swali la namna Barack Obama alivyobaki peke yake katika kura za mchujo za Democratic kwa kiti cha Seneti ya Jimbo la Illinois mwaka 1996. Anza na saini za wadhamini, yaani wapiga kura ambao mgombea alihitaji saini zao ili jina lake liingie kwenye karatasi ya kura, kwani nami nilipoteza muda mwingi kwenye matokeo ya kura. Alice Palmer, seneta aliyekuwa akikishikilia kiti hicho, alijaribu kwenda Bunge la Marekani, akashindwa Novemba 1995, kisha akarudi kukitetea na kukusanya saini kwa haraka. Zilihitajika halali 757. Aliwasilisha 1,580, lakini watu wa Obama walizikagua moja moja, zikiwemo zilizoandikwa kwa herufi kubwa badala ya kutiwa sahihi, na nyingi zikaanguka. Wapinzani wote wanne wa Obama, Palmer akiwemo, waliondoka kwenye kinyang'anyiro. Kushindwa kwa Obama na Bobby Rush, kwenye mchujo wa kiti cha Bunge la Marekani, ni habari nyingine, ya 2000.